Utando wa kobalti tuliouacha mlangoni pamoja na saa (Likasi, enzi za Zaire)

Wakuu, salamu kwenu nyote, mlio kazini na mliojificha na simu chini ya meza.

Mimi humu ni msomaji wa siku nyingi, kuandika huwa naandika mara chache. Leo mtoto wa dada yangu amenichokoza, nikashindwa kulala na haya maneno tumboni. Niliyoyaandika niliyaona kwa macho yangu. Majina ya watu nimebadilisha, basi. Anayetafuta chai, hapa kuna maji ya moto tu, majani sijatia.

Ni uzi wa sayansi kidogo, ila msikimbie. Mimi mwenyewe shule yangu iliishia sekondari. Nilichoelewa mimi, hakuna atakayeshindwa.

Twende taratibu.

Nilizaliwa Likasi, Katanga. Kwa wasiopajua, ni mji wa shaba na kobalti, ukitoka Lubumbashi kuelekea Kolwezi. Barabara pana, mijakaranda, nyumba za matofali za enzi za Wabelgiji, na ile harufu ya tindikali inayokuja na upepo. Bati jipya ukiezeka leo, baada ya muda linaanza kutoboka kama limeliwa na panya. Sisi tuliozaliwa pale tuliona kwamba ndivyo mabati yalivyo duniani kote.

Miaka hiyo nchi iliitwa Zaire. Kila mtu alikuwa citoyen, yaani raia. Hukumwita mtu bwana, ulimwita citoyen, na tai ilikuwa marufuku, wakubwa walivaa abacost, lile koti la kuvaliwa bila tai. Majina ya ubatizo nayo yalipigwa marufuku. Mama yangu, Mkatoliki wa kwenda misa ya asubuhi, aliniita Placide mlango ukiwa umefungwa. Nikivuka kizingiti nakuwa Citoyen Ngoy. Nilikua na majina mawili kama mtu mwenye jozi mbili za viatu.

Kila kitu pale kilikuwa cha kampuni ya serikali ya madini. Nyumba, hospitali, shule, unga, mpaka timu ya mpira. Baba alikuwa ameshafariki, lakini mjomba alikuwa mgodini Kambove na alishanitafutia nafasi ya kushuka shimoni. Nilikuwa nimemaliza masomo, diploma ya serikali ya kumaliza sekondari ninayo mkononi, chuo kikuu sikupata.

Shimo sikulitaka, wakuu. Si woga. Ni kwamba miguu yangu tangu utotoni haikai. Nilijua nikishuka Kambove nitapanda juu nikiwa mzee.

Kabla sijaenda, likatokea jambo. Kwenye mtambo wa pale Panda, upande wa makambi ya wafanyakazi, kulikuwa na chumba cha utafiti kilichohitaji msaidizi. Kazi yenyewe kuosha chupa, kupima maji na kuandika kwa mwandiko unaosomeka. Nikaenda. Nikapokelewa kwa majaribio.

Ndipo nilipokutana na Citoyen Kalumba.

Kalumba alikuwa mhandisi, amesoma Ulaya, amerudi kwa hiari yake wakati wenzake walikuwa wanatafuta njia ya kubaki. Mfupi, mchangamfu, abacost yake imetoboka mkono wa kulia kwa tindikali. Akifanya kazi anapiga mluzi nyimbo za kanisani, na nyimbo za kanisani miaka ile hukuzipiga mluzi ovyo.

Siku ya kwanza alinionyesha kaseti. Akavuta ule utepe wa kahawia kutoka ndani.

"Unaona hii, Ngoy? Hii njo sumaku. Ni nyembamba, imepakwa juu ya plastiki. Sauti ya muntu inalala humu."

Kisha akanionyesha kipande cha kobalti, kizito, kinang'aa.

"Na hii ni sumaku pia. Inatoka hapa kwetu kwa treni, inarudia ndani ya kaseti. Minye nataka siku moja ilale hapa hapa, isisafiri."

Kwetu "njo" ni ndiyo, na "minye" ni mimi. Ndoto yake ilikuwa hii. Kwenye mtambo walikuwa wanatoa kobalti kwa umeme. Matangi makubwa, maji yenye madini ndani, umeme unapita, na kobalti inajishika kwenye bamba taratibu mpaka inakuwa nene kama kidole. Kalumba alitaka kufanya jambo lile lile, ila kidogo kabisa. Achukue ukanda wa shaba nyeupe, autumbukize kwenye chupa, apitishe umeme kwa muda mfupi tu, kobalti ijishike nyembamba kuliko unywele, nyembamba kuliko unywele ukiuchana na kuuchana tena. Utando. Kisha aone kama utando huo unaweza kushika sauti.

Siku hizi naambiwa mambo hayo ndiyo yaliyomo ndani ya hard disk. Sisi tulikuwa tunayafanyia kwenye chupa za jamu.

Chombo cha kusikilizia alikiunda mwenyewe. Gurudumu la mbao, ukanda umezungushwa juu yake kama mkanda kiunoni, mota ya gramafoni inazungusha, na kichwa cha kusomea kaseti kilichotolewa kwenye redio mbovu kinagusa ukanda. Vyote ndani ya sanduku la mbao lenye mpini.

Na ilifanya kazi, wakuu! Mara ya kwanza nilisema neno kwenye maikrofoni, akazungusha, nikajisikia mwenyewe nikitoka ndani ya chuma. Sauti hafifu, kama mtu aliye ndani ya pipa, lakini ni mimi. Nilicheka kama mjinga. Nilirudi nyumbani nikamwambia mama, naye akajifanya ishara ya msalaba.

Sasa tatizo.

Mkuu wetu wa idara, nimwite Citoyen Mbayo, ofisi yake ilikuwa ng'ambo ya pili ya ukumbi wa matangi. Ukumbi huo tuliuita sali. Njia ya mkato ilikuwa kupita katikati ya sali. Njia ya kuzunguka nje ilikuwa ndefu, na masika yale mvua ilikuwa imeikata, mtaro wa maji ya tindikali umefurika.

Tunabeba sanduku, tunapita sali, tunaingia kwa Mbayo, tunaweka juu ya meza, Kalumba anawasha.

Shhhhhhh.

Hakuna sauti. Mvua tu.

Tunarudi lab, tunarekodi upya, inasema vizuri. Tunabeba tena kwa Mbayo. Shhhhhh. Kalumba akabadilisha maji ya chupa. Akabadilisha ukanda. Akafunga gurudumu kwa pamba ili lisitikisike. Kwa Mbayo ni shhhhh vilevile.

Mbayo hakuwa mtu mbaya, niseme ukweli. Alikuwa mtu mwenye wakubwa. Mara ya mwisho aliegemea kiti akasema:

"Kalumba, sauti yako ni kama mutoto wa bibi. Inasema ku nyumba tu, mbele ya bageni inanyamaza."

Kina karani wakacheka. Kalumba naye akacheka, lakini niliona masikio yake yamemwiva kwa aibu.

Kisha Mbayo akatoa lililokuwa moyoni. Mkurugenzi alikuwa anakuja kutoka Lubumbashi kukagua mtambo. Siku hiyo asikie sauti. Asiposikia, chumba chetu kinafungwa, kinakuwa stoo ya ngoma na sare za kikundi cha animation.

Vijana wa leo hawajui animation. Yalikuwa makundi ya kucheza na kuimba kusifia chama na Kiongozi. Kila kampuni ilikuwa na kikundi chake, na ngoma zake zilihitaji mahali pakavu.

Kwangu mimi maana yake ilikuwa Kambove. Mjomba alishaniwekea hata buti.

Kwa Kalumba ilikuwa zaidi ya hapo. Alikuwa amerudi kutoka Ulaya kwa ajili ya chumba kile. Mkewe alikuwa amemwambia, na mimi nilikuwepo nakula bukari yao, yaani ugali: "Kama banafunga ile chambre, minye nabeba batoto, tunarudia kule." Hakupaza sauti. Alikuwa anakata samaki.

Sasa niwaeleze kuhusu mlango wa sali, maana kila kitu kiko hapo.

Mlangoni aliketi mlinzi, Papa Musonda, Mbemba mwenye kifua kama mlango wenyewe na sauti ya kuamsha wafu. Nyuma yake ukutani kulikuwa na ubao wenye misumari. Kila anayeingia anavua saa, Papa Musonda anaitundika. Ukitoka, anakurudishia. Kwa nini? Kwa sababu ndani ya sali umeme unaopita kwenye matangi ni mwingi mno. Unapita kwenye nondo nene za shaba, nene kama paja, na nondo hizo zikiwa na umeme zinakuwa sumaku kubwa. Saa ya mkononi ikikaribia, inasimama. Wageni waliobisha walitoka na saa zilizokufa.

Kwa hiyo siku nzima unasikia sauti ya Papa Musonda, hata ukiwa kambini:

"Saa hapa, citoyen! Mule ndani inakufaka!"

Watoto wa Panda walikuwa wanamwigiza wakicheza. Sisi wafanyakazi hatukumsubiri hata aseme. Ukikaribia mlango, mkono unajivua saa wenyewe. Mimi nilikuwa nafanya hivyo hata kanisani.

Jambo la pili. Katikati ya sali nondo zilikatiza njia, na juu yake palikuwa na kidaraja cha mbao. Hapo kwenye kidaraja alisimama kapita wa zamu, yaani msimamizi, mzee wa makamo. Na kwetu, wakuu, mkubwa humsalimii na mzigo mkononi. Unaweka mzigo chini, unatoa mkono wa kulia, wa kushoto unaushika wa kulia kwenye kiwiko, unainama kidogo. Kusalimia na sanduku mkononi ni kama kumtukana.

Basi kila safari mimi, kijana aliyelelewa vizuri, nikifika kwenye kidaraja naweka sanduku chini, namsalimia kapita. Habari ya nyumbani. Habari ya mama. Watoto. Mvua. Kalumba naye anasalimia. Sanduku limetulia kwenye mbao, na chini ya mbao, umbali wa kiganja, nondo zinanguruma.

Mmeshaona?

Sisi hatukuona. Watu wenye diploma, mmoja kutoka Ulaya, tumevua saa zetu mlangoni kwa adabu zote, kisha tumeingiza sumaku nyembamba kuliko unywele na kuilaza juu ya nondo kwa adabu zaidi.

Ilivyogundulika ni hivi. Tunatoka kwa Mbayo siku ile ya maneno ya mtoto wa bibi. Mluzi hakuna. Tunafika mlangoni, Papa Musonda anampa saa yake na, kama kawaida yake ya kujisifu, anasema:

"Hii hapa, citoyen. Nzima. Ililala na minye, njo maana inaishi."

Kalumba akaipokea. Akaivaa nusu. Akasimama.

Akaangalia ule ubao wa misumari. Akaangalia sanduku mkononi mwangu. Akaangalia ubao tena.

Kisha akaketi chini kwenye ngazi, abacost na yote, akaanza kucheka. Alicheka mpaka machozi. Papa Musonda akanigeukia:

"Banamufukuza kazi?"

"Apana, papa. Sijue."

"Basi juu ya nini analia?"

Kalumba akapata pumzi. "Papa Musonda, tumeokoa saa! Tumeokoa saa zote, tukaua kazi yetu!"

Akaniomba dira ndogo iliyokuwa lab. Tukaingia nayo sali. Kwenye kidaraja sindano ikageuka, ikasahau kaskazini kabisa, ikalala kukatiza nondo. Kapita akatoa mkono tumsalimie. Kalumba akamshika kwa mikono miwili akamtikisa kama mtu aliyepata mtoto.

Mtu mwingine angeishia hapo. Amejua kinachofuta, anasubiri maji yapungue azunguke nje, mambo yamekwisha. Mimi nilifikiri hivyo.

Lakini Kalumba alirudi lab akakaa mbele ya dirisha, ameshika dira. Halafu akaniuliza:

"Ngoy, dada yako anachanaka nywele wakati gani?"

"Akitoka kuoga."

"Juu ya nini si ikiwa imekauka?"

"Zikikauka zinakataa."

"Njo vile."

Akanieleza. Kobalti inapojishika kwenye ukanda, inajishika chembe kwa chembe, na kila chembe ina sumaku yake inayoangalia upande wake, moja huku, moja kule, kama nywele za mtu aliyeamka. Ndiyo maana sauti yetu ilikuwa hafifu, kama mtu ndani ya pipa. Ukishamaliza kupaka utando, kuzigeuza ni vigumu. Lakini kama sumaku kubwa ipo karibu wakati ule ule utando unaota, ungali mbichi, chembe zitaota zikiangalia upande mmoja. Zimechanwa.

Na sumaku kubwa ilikuwa wapi? Chini ya kidaraja. Usiku na mchana, bure, inanguruma.

Kile kilichokuwa kinatuua ndicho alichotaka kutengenezea.

Kwenda kumwomba kapita ruhusa ya kuweka chupa ya jamu kando ya nondo zake lilikuwa jambo la kuchekesha peke yake. Kapita alisikiliza yote, chembe, nywele, sumaku. Mwisho akasema:

"Minye siko saloniste, Citoyen Kalumba. Lakini kama chupa yako haimwangi maji ku nondo zangu, iweke."

Tukaweka. Tukafunga chupa kwa kamba pembeni mwa nondo, ukanda umesimama ndani, betri yetu ndogo pembeni, umeme wa polepole. Kina papa wa zamu wakawa wanapita wanauliza kama salon imefunguliwa. Mmoja akavua kofia ya kazi, kipara kinang'aa, akasema yeye aanzwe.

Ukanda ulipokuwa tayari Kalumba aliuosha, akaukausha, tukatoka nao. Mlangoni, sanduku likitusubiri kwenye meza ya Papa Musonda, akasita. Akautazama ule utando, haukuwa na tofauti yoyote kwa macho. Rangi ile ile ya kijivu.

Akaita: "Papa Musonda, njoo unipe sauti."

"Sauti ya nini?"

"Ile yako ya kila siku."

"Mbele ya chuma?"

"Mbele ya chuma."

Papa Musonda akasafisha koo kama anayeanza Imani ya Mitume. Akapiga kelele moja kwenye maikrofoni, nadhani mpaka sindano ya dira ilisogea. Kalumba akazungusha gurudumu, akashusha kichwa cha kusomea.

Sanduku likapiga kelele.

Si hafifu. Si ndani ya pipa. Ni Papa Musonda mwenyewe, na kifua chake chote. Mwenye sauti alirudi nyuma hatua, kisha akakaribia polepole, akainama, akaliambia sanduku: "Weye ni nani?"

Mpaka leo nikikumbuka ninacheka peke yangu njiani.

Sasa ikabaki siku ya mkurugenzi.

Kalumba alimwambia Mbayo ukweli wote. Utando hauwezi kupita sali, njia ya nje imekatwa na maji, kwa hiyo mkurugenzi asikilize mlangoni, kwenye meza ya mlinzi. Mbayo akakataa katakata.

"Mukubwa asimame ku mulango kama muuzaji wa makala? Nimesha kutandika kitambaa mu bureau yangu!"

Alitaka ukanda uende ofisini na useme neno la kumsifu Kiongozi. Kalumba akasema sawa, citoyen. Tulipotoka nikamuuliza sawa gani. Akasema, "Sawa ya kumaliza maneno."

Na Mbayo alitoa amri nyingine. Papa Musonda siku hiyo asimpigie mkubwa kelele, na asithubutu kumwomba saa. Saa ya mkurugenzi itundikwe kwenye msumari kama shati? Aibu. Msafara utapita haraka upande wa ukutani, eti hapo saa haitadhurika, ingawa sumaku inafika hapo pia.

Siku ikafika. Kikundi cha animation kikacheza uwanjani mpaka vumbi likapanda. Mkurugenzi akaja na msafara wake, mrefu, mnene kidogo, abacost ya kitambaa kizuri, saa inang'aa. Mbayo pembeni yake anatembea nusu hatua nyuma.

Papa Musonda amesimama mlangoni, mdomo umefungwa kwa amri. Nyie hamjui alivyoteseka. Macho yake yako kwenye ile saa inayokaribia mlango, shingo imevimba, midomo inatetemeka. Alikuwa mtu anayemwona mtoto akielekea kwenye moto huku ameambiwa asiseme.

Sanduku letu liko mezani kwake, limefunikwa na gazeti. Mimi nimeshika swichi ya mota. Kalumba ameshika kichwa cha kusomea. Nilikuwa nazifikiria zile buti za Kambove.

Mkurugenzi akafika kizingitini. Akainua mguu.

Kalumba akaniangalia. Nikawasha.

"SAA HAPA, CITOYEN! MULE NDANI INAKUFAKA!"

Wakuu, mkurugenzi mkono wake uliruka. Kabla hajafikiri, kabla hajageuka, kidole kilishafungua saa na saa ilishatoka mkononi, ameinyoosha kwa mlinzi kama mwanafunzi. Ndipo akamtazama Papa Musonda usoni. Akaona mdomo umefungwa.

Mbayo alikuwa rangi ya majivu.

Mkurugenzi akamtazama mlinzi. Akaitazama saa yake hewani. Akalitazama gazeti lililokuwa linatikisika juu ya meza.

"Nani anasema?"

Kalumba akaondoa gazeti. "Kobalti, citoyen mkurugenzi. Kobalti ya hapa."

Yule mkubwa akainama juu ya gurudumu. Akasikiliza tena. Akataka tena. Kisha akaanza kucheka, kicheko cha tumbo, na msafara wote ukaona sasa inaruhusiwa, ukacheka naye. Papa Musonda akaipokea ile saa kwa mikono miwili, akaitundika kwenye msumari wake, na niliona pumzi inamtoka.

"Minye nilianzaka hapa," mkurugenzi akasema. "Mu hii sali. Nilikuwa kijana. Saa yangu ya kwanza ilifia hapa, ilikuwa ya baba yangu."

Akamuuliza Kalumba mambo mengi, na Kalumba akajibu yote, chembe, nywele, chupa ya jamu. Ofisini kwa Mbayo hawakufika, kitambaa kilibaki mezani bila mgeni. Alipofikia kuuliza kwa nini asiletewe sanduku ndani wakiendelea kutembea, Kalumba alifungua ukanda kwenye gurudumu, akamkabidhi Papa Musonda.

Papa Musonda akautundika kwenye msumari, kando ya saa ya mkurugenzi.

Mkurugenzi aliutazama huo ubao kitambo. Halafu akamwambia Mbayo, bila kugeuka:

"Ngoma zenu zitafute nyumba ingine."

Chumba kikabaki. Mimi buti za Kambove sikuzivaa, alizivaa binamu yangu.

Tulifanya kazi pale miaka mizuri. Sitawadanganya kwamba Likasi iligeuka kuwa mji wa kaseti. Kampuni ilianza kuzama, matangi yakanyamaza moja baada ya jingine, watu wakatawanyika. Kalumba alienda kufundisha, na mkewe hakurudi Ulaya. Aliniachia ule ukanda siku ya kuagana. Akasema: "Wewe miguu yako inatembea. Tembea nao."

Nimetembea nao. Ndola, Kitwe, Mbeya, Dar, Durban, tena nikarudi, sasa niko Tunduma natengeneza amplifaya na simu. Nina miaka hamsini na kitu na bado nikisikia lori linawashwa alfajiri naangalia begi liko wapi. Ukanda uko kwenye kopo la majani ya chai, jikoni kwa mke wangu, kwa sababu dukani kwangu kumejaa spika, na spika ni sumaku. Wateja hawajui kwa nini ninavua saa nikiingia dukani kwangu mwenyewe.

Sasa huyu mtoto wa dada, Nadine. Anasoma fizikia Lubumbashi. Juzi kaniandikia: "Tonton, prof ametupa kazi ya utando wa kobalti, ati ukiota ndani ya sumaku unapata upande wake. Unajua kitu kama hiki?"

Nilicheka mpaka mke wangu akatoka jikoni.

Nikampa dereva wa lori ninayemwamini kipande cha ukanda ule, nimekifunga ndani ya kopo pamoja na barua yenye kisa cha nywele, na maagizo: lisikae karibu na redio ya gari. Wiki iliyopita Nadine akapiga simu. Wamekiweka kwenye chombo chao. Akasema, na sauti yake ilikuwa inaruka, "Tonton, bado umechanwa! Upande ule ule!"

Miaka yote hiyo. Mipaka yote hiyo. Bado unaangalia kule kule Kalumba alikouelekeza.

Nimejifunza nini? Labda hili tu: kuna vitu unavivua mlangoni kila siku bila kufikiri, na kuna vitu unaviingiza ndani bila kufikiri. Simama siku moja uangalie ubao wa misumari. Na kinachokufutia kazi yako, kabla hujakikimbia, kiulize kama hakiwezi kukuchania.

Ombi langu kwenu, wakuu. Kipande nilichobaki nacho ndicho chenye sauti ya Papa Musonda, naye ametangulia zamani. Kupima upande Nadine anaweza, kusikiliza bado, kwa sababu kichwa cha kusomea cha sanduku letu kilipotea. Nahitaji kichwa cha redio kaseti ya zamani, ile ya spika moja, kisiwe kimechakaa. Mwenye redio mbovu ya baba yake uvunguni anijibu hapa chini, na aliyefanya kazi kwenye ukumbi wa matangi, Likasi au Kolwezi au hata Kitwe, aseme saa yake aliiacha kwa nani.

Nikikipata nitakigusisha pole pole. Saa yangu nitakuwa nimeshaivua.